Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuishi kwa afya bila kungoja hamu

Maswali haya yametoka kwa watu tunaotembea nao asubuhi hapa Kisumu, na kwa wenzetu wa Nakuru na Kakamega wanaotuandikia. Yanarudi kila mwezi karibu kwa maneno yale yale, kwa hivyo tumeyaweka mahali pamoja. Si lazima usome kwa mpangilio. Swali likigusa jambo lililojibiwa kwingine, tutakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Mbona kila Januari naanza kwa nguvu, ikifika Februari nimeacha?

Kwa sababu Januari ulikuwa na hamu, na hamu haikai. Inapanda na kushuka na usingizi, pesa, jua, na maneno uliyoambiwa kazini. Mwishoni mwa mwezi karo imelipwa, mfuko umekauka, joto la Kisumu liko juu, na ile picha uliyojichorea mkesha wa mwaka mpya imefifia. Hilo si kosa la tabia yako. Uliweka mzigo mzito juu ya kitu kisichoweza kuubeba.

Watafiti wa Marekani, Katy Milkman akiwa mmoja wao, walionyesha mwaka 2014 kwamba watu huenda kwenye ukumbi wa mazoezi zaidi mwanzo wa wiki, wa mwezi, wa mwaka, na baada ya siku ya kuzaliwa. Basi mwanzo mpya una nguvu ya kweli, ila ni ya muda mfupi. Ushauri wetu ni kuitumia nguvu hiyo kupanga badala ya kuimaliza yote kwa kukimbia. Ukiwa bado na hamu, tafuta viatu, chagua saa, ongea na mtu wa kutembea naye, kubaliana na anayepika. Februari itakukuta mipango imesimama.

Kwa hivyo hamu haina kazi?

Ina kazi ya kuwasha moto. Kuni utaleta wewe.

Ahadi na mazoea vinatofautianaje?

Ahadi ni uamuzi uliofanya mapema, ukiwa na akili tulivu, na ukajifunga nao mbele ya mtu au kwa utaratibu fulani. Mazoea ni jambo ambalo mwili unalifanya bila mjadala pale dalili fulani, yaani ishara ya kuanza, inapotokea. Ukiamka unapiga mswaki, na hujiulizi kama leo una ari ya kupiga mswaki.

Mwanasaikolojia Wendy Wood na wenzake waliwaomba watu waandike walichokuwa wakifanya saa baada ya saa, wakakuta kama asilimia 43 ya shughuli zao zilirudiwa karibu kila siku mahali pale pale. Karibu nusu ya siku inajiendesha yenyewe. Ahadi inakubeba miezi ya mwanzo. Baadaye mazoea yanachukua usukani, na unashangaa ulikuwa unahangaika nini.

Ni kweli mazoea yanajengeka kwa siku 21?

Hapana, ingawa watu wanaipenda sana namba hiyo. Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua kama siku 21 kuzoea sura mpya baada ya upasuaji. Hakuwa anazungumzia kukimbia wala kupunguza sukari.

Utafiti ulioongozwa na Phillippa Lally huko London, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuata watu 96 waliochagua jambo moja la kufanya kila siku. Kwa kawaida ilichukua siku 66 jambo hilo kuanza kufanyika lenyewe. Lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kunywa glasi ya maji kulizoeleka upesi. Mazoezi ya mwili yalichelewa. Kwa hivyo mtu akikuambia siku ya ishirini na mbili utaamka kama umebadilishwa, mwache aende zake.

## Kuanza

Nianze na nini?

Jambo moja, dogo kiasi kwamba unaona haya kulitaja, na ulipachike kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa kasi. Watu wakisikia hivyo wanaona mlima. Lakini mwongozo wa mwaka 2020 uliondoa lile sharti la zamani kwamba lazima uende dakika kumi mfululizo ndipo zihesabiwe. Sasa kila kipande kinahesabika.

Ukikaa Mamboleo na kufanya kazi mjini, shuka Kondele umalizie kwa miguu. Ni kama nusu saa, kutegemea mguu wako. Huhitaji nguo maalum wala saa ya ziada, na unaokoa sehemu ya nauli. Kwenda kazini tayari ni lazima. Umebadilisha tu mahali pa kushukia. Jambo la namna hii hudumu kuliko mpango wa jimu ulioandikwa kwa rangi tatu.

Sina pesa ya jimu. Nifanyeje?

Hiyo si sababu ya kusubiri. Soma jibu lililotangulia.

Mpango unaandikwaje ili usibaki maneno?

Utaje kwa dalili. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mtu anayesema "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutimiza zaidi kuliko anayesema tu "nimeamua". "Mwaka huu nitapunguza sukari" ni matamanio. "Nikiletewa chai ya saa nne kazini, naweka kijiko kimoja" ni mpango, kwa sababu chai ikifika uamuzi ulishafanyika.

Kama chai ya kibandani inakuja tayari imekolezwa sukari, dalili yako iko mapema zaidi, yaani pale unapoagiza. Mwambie mama wa kibanda mara moja, ukiwa umetulia, "Mama, ya kwangu uwe unaniwekea kando kabla hujatia sukari." Baada ya wiki mbili hatakuuliza tena. Yeye sasa ndiye anayekukumbushia, na hakulipishi kwa kazi hiyo.

Asubuhi ni bora kuliko jioni?

Bora ni saa ambayo watu hawawezi kukuibia. Kwa wengi wetu hiyo ni asubuhi, maana jioni kuna wageni, foleni ya matatu, watoto na kazi zao za shule, na hapa Kisumu kuna ile mvua ya radi inayokuja bila kuomba ruhusa. Lakini mtu anayelala saa saba usiku asilazimishe alfajiri. Atachoka na kuacha, halafu atasema mazoezi hayamfai.

Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati moja ambayo hatuitumii. Jua letu huchomoza kwa tofauti ya kama nusu saa tu kati ya mwezi mmoja na mwingine. Mwenzako wa London hupoteza mwanga wake wote wa asubuhi ikifika Desemba na inabidi apange upya. Wewe ukichagua saa moja kasorobo, itakufaa mwaka mzima. Usitoke gizani peke yako, ngoja watu waanze kuonekana barabarani.

## Kujifunga

Nawezaje kujifunga bila kujidanganya?

Tumia kitu unachokijua tayari, yaani chama. Watu wetu hawaweki akiba kwa sababu wamejawa na hamu ya kuweka akiba. Wanaweka kwa sababu Jumamosi watu fulani watakaa duara, na jina lako litasomwa.

Wanauchumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walijaribu jambo la karibu na hili hapa hapa magharibi mwa Kenya, kwenye vyama 113, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kundi moja lilipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wake, liweke pesa za mahitaji ya afya kama neti. Matumizi yao kwa kinga yalipanda kwa angalau asilimia 66. Kundi jingine lilipewa sanduku kama hilo, ila ufunguo ukakaa kwa afisa hadi lengo litimie. Kwa upande wa kinga, hilo halikusaidia sana: watu waliogopa kufungia pesa ambazo wangezihitaji ghafla. Waliofanya vizuri zaidi ni wale walioweka chungu cha afya ndani ya chama, kila mwanachama akichangia kwa zamu ya kununuliwa alichohitaji.

Sisi tunachukua mambo mawili hapo. Fungo la wenzako lina nguvu kuliko fungo la chuma. Na ahadi inayobana kupita kiasi watu huikwepa. Kama kikundi chenu kina faini ya kukosa matembezi, iwe ya kuuma kidogo tu. Faini ikizidi nauli, watu hawabadiliki, wanahama kikundi.

Jumbe za kutia moyo kila asubuhi zinasaidia?

Hili tunaulizwa na wasimamizi wa vikundi vya WhatsApp, na jibu letu huwaudhi. Katika kituo cha afya cha Chulaimbo, ukitoka Kisumu kabla ya kufika Maseno, watafiti waliwatumia wagonjwa waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi ujumbe mfupi wa simu kwa wiki 48. Wengine walipata kila siku, wengine mara moja kwa wiki, wengine hawakupata. Wengine walipata ukumbusho mfupi tu, wengine ukiwa na maneno ya faraja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kati ya waliopata ujumbe wa kila wiki, asilimia 53 walifikia kiwango cha asilimia 90 cha kutumia dawa, dhidi ya asilimia 40 ya wasiotumiwa chochote. Ujumbe wa kila siku haukuonyesha faida hiyo. Na maneno marefu ya faraja hayakuongeza kitu.

Fikiria hilo unapotaka kutuma picha ya machweo yenye nasaha saa kumi na moja alfajiri. Kelele za kila siku huzoeleka, kisha hazisikiki. Afadhali ujumbe mmoja wa wiki unaodai jibu. Utafiti mwingine wa Kenya, wa mwaka 2010, uliwatumia wagonjwa neno moja kila wiki, "Mambo?", nao wakatakiwa kujibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au asiyejibu, alipigiwa simu na muuguzi. Huo nao ulisaidia. Tunadhani ni kwa sababu mtu alijua kuna anayesubiri jibu lake.

Sina mtu wa kutembea naye. Lazima?

Si lazima mwende pamoja. Tafuta mtu mmoja atakayekuuliza Jumapili jioni, umjibu kwa neno moja kama hapo juu. Dada, shemeji, jirani, yeyote ila yule anayekuonea huruma haraka.

Sisi si Eliud Kipchoge. Nidhamu ya namna ile tutaitoa wapi?

Watu humtazama Kipchoge siku ya Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, akimaliza kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, wakadhani wanaangalia moyo wa chuma. Badala yake wamtazame kambini kwake Kaptagat. Siku za wiki hukaa kambini na wenzake, mbali na nyumba yake mwenyewe, wakigawana usafi na kazi ndogondogo. Mazoezi yake ameyaandika kwenye madaftari kwa miaka. Saa ya kukimbia ikifika, wenzake wote wanatoka. Ni vigumu kubaki kitandani kuliko kutoka. Kasi yake hutaipata, lakini daftari la shilingi hamsini unaweza kulipata leo.

## Chakula

Nyumbani hapikwi kwa ajili yangu peke yangu. Nifanyeje?

Usianze kwa mahubiri mezani. Anayepika akisikia chakula chake kinalaumiwa, umeshindwa kabla ya kuanza. Kubaliana naye jambo moja linaloweza kufanyika bila wengine kunyimwa: mboga zipakuliwe kwanza, zijaze nusu ya sahani, ugali uje baadaye ukae panapobaki. Ukipakua ugali kwanza, mboga hugeuka kuwa pambo.

Huku kwetu hatuna udhuru wa mboga. Osuga (mnavu), dek (saga), apoth (mrenda, au murere ukienda upande wa Kakamega), kunde, na omena kwa protini, vyote vinauzwa soko la Kibuye kwa bei ambayo soseji haiwezi kushindana nayo. Jambo la kuangalia ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyote ulivyokula, pamoja na ile iliyojificha kwenye viungo vya pakiti. Ondoa kijaluba cha chumvi mezani. Anayetaka aende jikoni kuifuata. Utashangaa ni wangapi hawanyanyuki.

Mandazi ya saa nne yananishinda. Nitajizuiaje?

Usijizuie, jipunguzie kukutana nayo. Kama anayeuza hupita ofisini saa nne, uwe na ndizi au njugu mezani kuanzia saa tatu na nusu. Mtu mwenye njaa anayebishana na mandazi ya moto huwa ameshashindwa.

## Mambo yakivurugika

Nimekosa siku moja. Nianze upya kuhesabu?

Hapana. Katika ule utafiti wa Lally (tazama swali la siku 21), kukosa mara moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea. Kinachoharibu ni hasira ya baada ya kukosa, pale mtu anaposema "basi, nimeshaharibu, nitaanza Jumatatu." Kwetu kanuni ni kutokosa mara mbili mfululizo. Siku ya pili fanya hata dakika tano, ukiwa na kandambili.

Mvua za Machi hadi Mei zinanivunja. Kuna njia?

Zinakuja kila mwaka, kwa hivyo haziwezi kuwa dharura. Andika mpango wa mvua sasa: "Nikiamka na mvua inanyesha, nafanya kusimama na kukaa kwenye kiti, kusukuma ukuta na kupanda ngazi, hadi wimbo wa tatu uishe." Usiutunge asubuhi yenyewe, blanketi itakushinda hoja.

Wikendi zangu nyingi ni matanga. Utaratibu wote unapotea.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na vitabu vingi vya kigeni havina habari nalo. Unaondoka Alhamisi au Ijumaa, unakesha, unakula saa tisa wali na nyama, soda mkononi, unalala kwenye kiti, unarudi Jumapili usiku ukiwa umechoka na huzuni juu yake. Kwa familia kubwa jambo hili linaweza kurudi mara mbili kwa mwezi. Anayekwambia "jipe moyo" hajawahi kukaa chini ya hema hilo.

Usijaribu kuhamishia utaratibu wa nyumbani matangani. Weka kiwango cha chini, kile kisichoguswa hata kukiwa na msiba: dawa zako kama unazo, maji, na kutembea mara moja kwa siku. Kutembea kwenye matanga ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa kuwa daima kuna mtu anahitaji kusindikizwa hadi barabarani, maji ya kuchotwa, shangazi wa kupelekwa kwa jirani. Jitolee kazi za miguu. Pale kwenye chakula, kula, usiwe mgeni anayechagua. Ila badilisha soda kwa maji, na hakuna atakayekuuliza.

Muhimu zaidi ni asubuhi ya kwanza ukirudi. Kabla ya kuondoka, weka viatu mlangoni na umwambie mwenzako, "Jumatatu nitakuwepo." Jumatatu utatembea polepole. Inatosha.

Nafanya kazi ya boda, au shifti za usiku. Saa yangu haieleweki.

Achana na saa, shika tukio. Muuguzi anaweza kutembea dakika ishirini akishakabidhi zamu, iwe asubuhi au jioni. Mtu wa boda hukaa juu ya kiti siku nzima na kudhani anafanya kazi ya mwili. Dalili yake iwe kuvua kofia ya kuendeshea mwishoni mwa siku, kabla hajaingia ndani. Usingizi wa mchana nao ni ahadi: pazia zito, simu kimya, na familia ijue.

Ramadhani au Kwaresima?

Kipindi cha kufunga hubadilisha dalili zako zote, basi hamisha tendo: wengi huona kutembea baada ya futari kunawafaa. Mwenye kisukari aongee na daktari wake kabla ya kufunga.

Nimeshikwa na malaria. Nijikaze?

La. Tibiwa, pumzika. Ukirudi, anza na nusu ya ulichozoea.

## Mazoea yasipotosha

Naweza kuacha dawa za presha nikishazoea kutembea?

Usiziache bila daktari wako. Presha ya juu, kuanzia 140/90, mara nyingi haiumi wala haikupi dalili, na ndiyo maana dawa yake haiwezi kutegemea unavyojisikia. Ipachike kwenye chai ya asubuhi: kopo la dawa likae kando ya majani ya chai, mbali na watoto. Wahudumu wa afya ya jamii waliosambazwa na serikali tangu Septemba 2023 wana kipimo cha presha kwenye mikoba yao. Muulize wa mtaani kwako, iwe Nyalenda au Manyatta.

Na pombe? Nayo ni mazoea tu?

Kwa mtu anayekunywa wikendi, kubadilisha njia ya kurudi nyumbani husaidia. Kwa anayekunywa kila siku na kutetemeka akikosa, si suala la mazoea wala la msimamo, na kuacha ghafla bila uangalizi wa daktari kunaweza kuhatarisha maisha. Nenda hospitali, au piga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya.

Sina hamu na chochote, hata vitu nilivyovipenda.

Tumesema usingoje hamu, lakini hamu ikipotea kwa kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vikavurugika, huenda ni sonona (depression), nayo inatibika. Usiijibu kwa ratiba. Zungumza na mhudumu wa afya, na ukianza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo hii.

Nahamia Nakuru kikazi. Mazoea yangu ya Kisumu yatahama nami?

Mengi hayatahama, kwa sababu yalishikwa na vitu vya hapa: njia, kibanda, jirani wa saa moja kasorobo. Usishangae ukajikuta umerudi kuwa mgeni. Wiki ya kwanza, kabla njia mpya hazijazoeleka, ndiyo nafasi nzuri ya kuamua utashuka stage gani, utanunua mboga wapi, nani atakuuliza Jumapili. Ukiiacha ipite, mitaa itakuamulia.

Jambo jingine ni mwinuko. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, na ukipanda Menengai unapita 2,200. Siku za mwanzo pumzi itakatika mapema kuliko ulivyozoea. Punguza kasi, usipunguze siku. Beba sweta pia, Julai ya Nakuru haina mzaha.